Mujaaja uani: yanayosemwa na yaliyo ya kweli

Masokoni Kampala mujaaja huuzwa kwa vishada, kando ya mchaichai na tangawizi. Watu wa pwani wanaujua kama kivumbasi. Wanasayansi wanauita Ocimum gratissimum. Ni mmea wa hapa hapa Afrika, wa ukoo mmoja na mnanaa na mrehani. Na kwa kuwa kila mtu ameuona kwa bibi yake, kila mtu ana lake la kusema.

"Ni mmea wa msituni, upande kivulini." Hapana. Porini hauingii kwenye giza la msitu. Unakaa ukingoni, pale miti inapoachia jua, na kwenye mashamba yaliyolala. Ukiuweka katikati ya migomba iliyosongamana utarefusha vijiti vyembamba vyenye majani machache na harufu hafifu. Upe jua angalau nusu siku, na udongo usiotuamisha maji.

Wapo wanaouogopa wakisema utatambaa uani kote kama mnanaa. Mnanaa husafiri kwa mashina yanayopita chini ya udongo. Mujaaja hauna tabia hiyo. Ni kichaka cha kusimama, kinaweza kufika mita mbili, na shina la chini hugeuka kuwa gumu kama mti. Undugu wao utaupata ukishika tawi changa: lina pembe nne, na majani yanatoka mawili mawili yakitazamana. Ukiona miche imejiotea pembeni, ni mbegu zilizodondoka, na hung'oka kwa vidole viwili.

Eti mbegu zake hazioti? Mara nyingi zimezikwa. Ni ndogo mno: zinyunyize juu ya udongo laini, zigandamize kwa kiganja, basi. Asiye na subira akate tawi lisilo na maua, urefu wa shibiri, apukutishe majani ya chini na kulichomeka mvua za Machi au Septemba zinapoanza.

Sasa mbu, maana hapa ndipo maneno yanapozidi. Husemwa kwamba ukipanda mujaaja dirishani, mbu hawaingii. Msingi upo: majani yana mafuta yenye harufu kali, mara nyingi yale yale yanayoipa karafuu harufu yake. Lakini mafuta hayo yamefungiwa kwenye vitezi vidogo vya jani, na hutoka kwa wingi jani linapopondwa au kupashwa moto. Ndiyo maana wazee walifukiza matawi badala ya kuutegemea mmea uliosimama. Magharibi mwa Kenya watafiti waliwahi kujaribu mimea ya jamii hii, ya kufukizwa na ya kwenye vyungu, na mbu walipungua, hawakuisha. Mbu mmoja aliyebaki anatosha kukuletea malaria, kwa hiyo chandarua kisiondoke kitandani.

Kuhusu kuutumia kama tiba ya malaria, sitazunguka: mtoto mwenye homa apelekwe kwa VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) au kituo cha afya, apimwe, na akikutwa na vimelea apewe dawa mseto. Chai ya mujaaja itamtuliza mgonjwa wa mafua, lakini vimelea vya malaria haviondoki kwa chai. Mjamzito naye asinywe majani mengi yaliyochemshwa kama dawa bila kumuuliza mkunga.

Kosa la jikoni ni la kuchemsha mno. Watu hutupa majani sufuriani pamoja na maji baridi, wakaacha yatokote mpaka nyumba nzima inukie. Hiyo harufu iliyojaa nyumba ndiyo iliyotoka kwenye chai yako! Chemsha chai ya rangi kwanza, epua, tia majani mawili matatu yaliyofikichwa, funika dakika tano.

Na usingoje kichaka kikue ndipo uchume. Kata ncha mapema, nacho kitatanuka kwa matawi mapya. Ukikiacha kitoe maua kote, majani hupungua. Bakiza vikonyo vichache vya maua kwa ajili ya nyuki na mbegu. Majani ya ziada yaanike kivulini, penye upepo, kwani jua kali huondoka na harufu.