Injini tatu, shafti moja: kuunganisha injini ndogo kwa cheni

Wengi huanza kwa kuzipanga injini tatu mstari: injini ya kwanza ivute ya pili, ya pili ivute ya tatu, ya tatu ivute mashine. Mpangilio huo huila injini ya mwisho. Injini ya sisi (cc) 196 hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban nyutoni-mita 12. Sproketi (gurudumu la meno) ya meno 15 ya cheni ya 428, saizi ya cheni za pikipiki, ina nusu kipenyo cha milimita 30 na ushee, kwa hiyo cheni ya kwanza huvuta kwa nyutoni 400 hivi, sawa na uzito wa kilo 40. Ya pili hubeba 800, ya mwisho 1,200. Na huo ni wastani tu. Silinda moja ya mipigo minne huwaka mara moja kila mizunguko miwili, hivyo mvuto huja kwa vishindo vikubwa kuliko hapo. Juu ya hayo, shafti fupi ya injini inalazimika kubeba sproketi mbili, na ile ya nje iko mbali na beringi, kwa hiyo inaipinda shafti kama wenzo.

Mimi hufunga shafti ya kati: milimita 25, beringi mbili za UCP205 (beringi yenye kiti chake cha kufungia kwa bolti), na kila injini ina cheni yake inayoingia hapo. Meno 15 kwenye injini, 30 kwenye shafti. Injini zikizunguka 3,000 kwa dakika, shafti huzunguka 1,500, na kila injini huchangia nyutoni-mita 24. Hakuna cheni inayobeba mzigo wa mwenzake.

Kabla ya kuchomelea fremu, angalia upande wa mzunguko. Injini nyingi za aina hii huzunguka kinyume cha saa ukiitazama shafti yake. Cheni haigeuzi mwelekeo, kwa hiyo zote zielekee upande mmoja. Mbili zikitazamana, zitapigana.

Sasa klachi. Klachi inayojishika yenyewe kasi ya injini ikipanda hurahisisha kuwasha: kila injini inavutwa kamba peke yake, inanguruma taratibu, kisha unaongeza mafuta kwa zote pamoja. Ila watu huitegemea kupita kiasi. Injini moja ikiishiwa petroli shafti ikiwa kwenye kasi ya kazi, viatu vya klachi bado vimebana kwa sababu vinazungushwa, na nyingine mbili zinaiburuta pamoja na mgandamizo wake. Haiachiwi mpaka kasi ishuke chini ya ile ya kushika, kwa kawaida karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika. Dawa yake ni beringi ya kuzunguka upande mmoja ndani ya sproketi ya shafti ya kati: injini ikilegea, inaachwa papo hapo.

Gavana, yaani vidhibiti kasi vya injini, usiziondoe. Washa injini moja moja bila mzigo na uzirekebishe zote zifike kasi ileile kwa kipima mizunguko, si kwa sikio. Iliyowekwa juu kidogo itabeba mzigo karibu wote huku nyingine zikisindikiza tu. Utaijua kwa joto lake.

Wapo wanaofunga bila klachi ili miwako ipishane. Inawezekana, lakini idadi ya meno ndiyo inayoamua. Sproketi ya injini yenye meno 15 husogea digrii 24 kwa kila jino, kwa hiyo nafasi ya digrii 240 inayotakiwa na injini tatu (mizunguko miwili, digrii 720, kugawa kwa tatu) ni meno 10 kamili. Injini nne zinataka digrii 180, yaani meno saba na nusu, na jino halikatwi katikati: tumia sproketi ya meno 16. Kupata mpigo wa mgandamizo wa kila injini, fungua plagi, ziba tundu kwa kidole na uzungushe mpaka mgandamizo ukisukume. Ukitazama pistoni tu, unaweza kushika mpigo wa kutoa moshi.

Upangaji wa sproketi hupimwa kwa rula ndefu iliyonyooka, iguse nyuso zote mbili bila mwanga kupita. Ulegevu uwe karibu asilimia 2 ya umbali kati ya shafti: kwa milimita 400, cheni icheze 8 hivi. Mdomo wa klipu ya kiungo kinachofunga ncha za cheni utazame nyuma, kinyume na cheni inakokwenda; ukitazama mbele, chochote itakachogusa huifungua. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, cheni hii hukimbia zaidi ya mita 9 kwa sekunde, kwa hiyo weka kifuniko cha bati kabla ya kuvuta kamba ya kwanza, na mafuta yaingie katikati ya rola na bamba, si juu ya rola.