Wasifu wa mshairi utaje na riziki yake

Nahariri diwani za mashairi hapa Tanga, na katika kila mswada huanza na ule wasifu mfupi wa mtunzi. Siku hizi wasifu hizo zimefanana mno: mwaka wa kuzaliwa, shule, shahada, tuzo. Kazi inayomlisha mtu haitajwi, ilhali ni wachache sana wanaoishi kwa ushairi wa Kiswahili peke yake. Kwangu hilo ni pengo kubwa.

Shaaban Robert, mwenyeji wetu wa Machui aliyezaliwa 1909, alikuwa karani wa serikali aliyeanzia forodhani mwaka 1926. Waliomfuata wametoka kila upande. Haji Gora Haji wa Tumbatu, mwenye diwani ya Kimbunga (1994), alikuwa mvuvi na baharia. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu ni imamu. Mohammed Ghassani, Mzanzibari aliyeshinda Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa diwani yake ya N'na Kwetu, ni mwandishi wa habari huko Ujerumani. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitunga diwani ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, akiandika kwa siri kwenye karatasi za msalani.

Au mchukueni Euphrase Kezilahabi. Diwani yake ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974 bila vina wala mizani, yaani hesabu ya silabi, ugomvi ulikuwa mkali, na wengi waliutazama kama ugomvi wa kanuni tu. Mimi nauona pia kama suala la malezi. Huyu ni mtu wa Ukerewe, aliyekulia katika Kikerewe, akapita seminari, kisha akazama katika falsafa chuo kikuu. Sikio lake halikulelewa na tarabu wala tenzi za msikitini kama la mtoto wa pwani.

Kazi ya mtu huingia hadi ndani ya mshororo. Mvuvi mmoja wa Sahare aliniletea daftari lenye beti hizi, nyingine zimefutika kwa maji ya chumvi:

Kusi likishika kasi, tanga hatulikunjui,
Twakaa na wasiwasi, jiko moto halijui.

Mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vimekaa. Lakini mhakiki wetu mmoja, msomi wa bara, alitaka picha igeuzwe: kusi ni upepo, na upepo si ndio neema ya chombo? Nikampelekea mtunzi swali hilo. Akanijibu, "Mwalimu, kusi la Julai halina mchezo. Ngalawa inalala pwani, sisi tunalala na deni la dukani." Mishororo ikabaki kama ilivyo. Laiti wasifu wake ungesema tangu mwanzo kwamba ni mvuvi, swali lenyewe lisingezuka, na msomaji wa Dodoma au Songea angeisoma njaa iliyomo humo bila kuhitaji maelezo yangu.

Zamani magazetini mshairi alijitaja mwenyewe katika beti la tamati, jina au lakabu, na mji anakotoka. Wanawake hawakuipata sana nafasi hiyo. Tanga hii ya vikundi vya Black Star na Lucky Star imewasikia kwa miaka katika tarabu, lakini jina linalokaa midomoni ni la mwimbaji, kama marehemu Shakila Saidi. Mtunzi hutajwa mara chache. Sasa wengi wanatuma tungo kwa sauti kwenye makundi ya WhatsApp, na humo nimesikia vina vilivyopangwa barabara na watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha arudhi, yaani kanuni za utunzi.

Kwa hiyo ukiniletea mswada, shahada yako iweke, tuzo iweke, na uniambie pia unashinda wapi kutwa: kwenye mkonge, darasani, bandarini, kwenye bodaboda. Bibi mmoja wa Ngamiani aliniandikia kwamba anakaanga samaki jioni, na hutunga alfajiri kabla hajaenda kununua pale soko la samaki la Deep Sea. Wasifu wake wote ni huo, nasi tumeuchapa bila kuongeza neno.