Kupikia gesi siyo kuachana na mafuta

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, huku Mbeya lengo lake limekuwa wimbo wa vikao: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni lengo zuri, naliunga mkono kwa moyo wote. Kinachonikera ni nyongeza inayofuata: "Tukihamia kwenye gesi, tumeachana na mafuta," yaani petroli, dizeli na jamii yake. Hapana, jamani.

Nishati safi ya kupikia ni ile isiyomjazia mpishi moshi na masizi: gesi, umeme, bayogesi na nyingine za aina hiyo. Basi. Kinachopimwa hapo ni hewa ya jikoni, pamoja na macho na mapafu ya anayepika. Nishati imetoka wapi, au itakwisha lini, hayo ni maswali mengine.

Sasa tazama mtungi wenyewe. Ndani yake mna propani na butani, zinazopatikana mafuta ghafi yanaposafishwa au gesi ya visimani inapochakatwa. Sisi tunaiagiza nje kwa meli, inashushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha inapandishwa Kitonga kwa lori linalokunywa dizeli mpaka iwafikie watu wa Makambako, Uyole na Tukuyu. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani mwaka 2022, bei ya mtungi nayo ikapaa. Anayepikia gesi ameachana na mkaa, na hilo si dogo hata kidogo. Utegemezi wa mafuta bado anao.

Wengi hujibu, "Mbona gesi tunayo, Songo Songo na Mnazi Bay?" Ile ni gesi asilia, sehemu kubwa yake methani. Siyo hii ya mitungi. Inakwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme na viwanda, na bomba hilo halifiki Nyanda za Juu Kusini.

Geuza upande wa pili uende Mafinga, kwenye mabanzi ya misindano yanayobaki kwenye mashine za mbao. Miti ile huvunwa na kupandwa tena, na kuipata hakuhitaji dola hata moja. Hiyo ni nishati jadidifu, yaani inayojirudia bila kwisha. Lakini ingia jikoni Julai, madirisha yamefungwa kwa baridi, banzi bichi linafuka huku utomvu ukichemka kwenye ncha yake, mtoto mgongoni anakohoa. Huwezi kuiita safi. Makaa ya mawe ya Kiwira nayo ni yetu, ila si safi wala si jadidifu.

Umeme ndio unaogusa yote mawili, usafi na ujadidifu. Mitambo ya umeme ya Mtera na Kihansi inaendeshwa na maji ya nyanda hizi, na Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, linapokea Ruaha Mkuu na Kilombero. Gridi ina umeme wa gesi asilia pia, sawa, lakini nayo ni ya nyumbani. Na sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage bila kumaliza hata uniti moja.

Kwa hiyo ndugu zangu wa vikaoni, endeleeni kuhimiza mitungi, maana mama anayekohoa leo hawezi kusubiri. Mkifika kwenye suala la kupunguza kutegemea mafuta, hapo tajeni umeme.