Hujasahau, ni kichwa kimeshikwa

Karibu kila wiki kuna mtu ananiambia, "dokta, nahisi ubongo wangu umeharibika, nina OCD miaka sasa na siku hizi hata ukurasa mmoja siwezi kuusoma nikaumaliza". OCD ni ule ugonjwa wa mawazo yanayokung'ang'ania bila kuyataka na vitendo unavyolazimika kuvirudia, kama kukagua mlango. Wenye paniki, wale wanaopata mashambulio ya ghafla ya hofu kali, nao wanakuja na lile lile kwa maneno yao, mara "nasahau nilichotaka kusema", mara "najikuta nimesimama katikati ya chumba sijui nimefuata nini". Sasa leo acha niliongee hili kwa kirefu maana watu wanaumia bure wakidhani wanapata uchizi, au nyumbani wanaitwa wavivu, na inaniuma kweli.

Ubongo una kazi zake za usimamizi. Chukulia nahodha kwenye chombo, hapigi kasia wala havuti tanga, yeye anaangalia tunakwenda wapi, anasema sasa geuka, sasa subiri. Kazi hizo kubwa ni tatu: kujizuia usifanye kitu kilichokujia haraka, kushikilia mambo kichwani huku unayafanyia kazi, na kugeuza mawazo pale hali inapobadilika. Tunazipima kwa testi, ipo ya kadi inaitwa ya Wisconsin, ya tangu 1948, unapanga kadi kwa rangi au umbo au idadi bila kuambiwa kanuni ni ipi, unaambiwa tu umepatia au umekosea, halafu ukishapatia mara 10 mfululizo kanuni inabadilishwa kimyakimya na wewe ugundue mwenyewe. Kwa wenye OCD tafiti nyingi zinaonyesha kushuka kidogo au kwa wastani kwenye testi za namna hii. Kidogo au wastani, naomba ulisome tena hilo, sio ubongo uliooza.

Na ukikaa na mtu mezani ndio unaona kinachotokea. Kuna testi ya karatasi, unaunganisha viduara kwa penseli, 1 halafu A, 2 halafu B, 3 halafu C, haraka uwezavyo. Mgonjwa mmoja alikuwa anajua kabisa anakokwenda, jicho lake lilishafika kwenye D, ila mkono unarudi kwenye C kuhakikisha mstari umegusa duara, anakandamiza, ananyanyua penseli, anaangalia tena, saa inakimbia. Mwisho akapata alama mbaya za kasi na kosa hata moja hana! Ukisoma namba peke yake utaandika "usimamizi dhaifu", kumbe nahodha yupo na ana akili zake zote, ameshikwa tu na mtu anayemuuliza una uhakika? una uhakika? una uhakika?

Hili la kukagua lina jambo ambalo ningetamani kila mwenye OCD alijue. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, van den Hout na Kindt, walichukua watu wazima wa afya tu wakawakalisha kwenye kompyuta wawe wanawasha, wanazima na kukagua jiko la gesi la kwenye skrini, tena na tena. Mwishoni watu walikuwa bado wanakumbuka sawasawa ni plate zipi walikagua, ila kumbukumbu ile ilikuwa imefifia, haina picha kamili, na imani yao kwamba wanakumbuka vizuri ikashuka. Yaani kukagua kwenyewe ndiko kunakotengeneza ile hali ya "sina uhakika", na hao hawakuwa wagonjwa. Kwa hiyo unapokagua mlango mara ya nane ukidhani unaisaidia kumbukumbu, unaitia ukungu.

Paniki ni habari nyingine kidogo, na tangu 2013 hata mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliitoa OCD kwenye kundi la magonjwa ya wasiwasi ukaipa sura yake, paniki ikabaki. Kwa paniki majibu ya testi hayana msimamo mmoja, utafiti huu unaona tatizo, ule hauoni. Ila umakini wao unakokwenda tunakujua vizuri, unakwenda mwilini. David Clark alieleza hili mwaka 1986, kwamba mtu anahisi moyo umepiga kwa nguvu anasoma "nakufa", hofu inapanda, moyo unazidi, anasoma tena "nakufa kweli", ndani ya dakika chache iko kileleni. Shambulio likipita haliishi pale, mtu anabaki mlinzi wa mwili wake siku nzima.

Nilikuwa namsomea dada mmoja tarakimu azirudishe kinyumenyume. Tatu sawa, nne sawa, kwenye tano akapotea, na nikaona vidole viwili viko shingoni chini ya taya, anahesabu mapigo. Sasa mtu anahesabu moyo wake na wewe unamletea tarakimu nyingine, zitakaa wapi?

Ndio maana mtu akija anataka mbinu za kukumbuka, kalenda, alamu kwenye simu, simkatalii ila sianzii hapo. Tena kwa OCD naonya, picha ya mlango uliofungwa kwenye simu inakuwa ukaguzi mwingine tu, na kumuuliza mwenzako "nimefunga eti?" hivyo hivyo. Tunaanza na ugonjwa wenyewe. Kwa OCD ni kukutana na kinachokutisha huku ukijizuia kufanya kile kitendo, njia ambayo Victor Meyer aliifungulia mlango mwaka 1966. Kwa paniki tunauchokoza mwili makusudi, unakimbia palepale ulipo, unazungushwa kwenye kiti, unapumulia mrija mwembamba, mpaka ubongo uone moyo kwenda mbio sio kifo. Dawa za jamii ya fluoksetini, zile zinazotumika pia kwa sonona, zinasaidia wote wawili, ila kwa OCD dozi huwa kubwa zaidi na inabidi usubiri hata wiki 8 mpaka 12, na kwa paniki tunaanza na dozi ndogo. Kama unatumia diazepamu, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, jua yenyewe inapunguza umakini na kumbukumbu, mwambie daktari wako, usiiache ghafla peke yako. Usingizi na sonona navyo vichunguzwe, vinakula kichwa vilevile.

Na ubongo unabadilika jamani. Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake huko Los Angeles walipiga picha za ubongo za watu wenye OCD, na waliopata nafuu, kuna sehemu ya ndani inaitwa kaudeti ilipunguza kuchemka, wawe walimeza dawa au walipata tiba ya tabia bila kidonge.

Yule dada tulirudia tarakimu baada ya miezi kadhaa. Alirudisha sita, mikono yote miwili iko mezani.