Mteja Anajua Anachotaka

Muhula huu nimeambiwa tena, na timu ya wanafunzi wa mwaka wa nne, kwamba mradi wao wa kutengeneza mfumo wa kompyuta umekwama kwa sababu "mteja hajui anachotaka". Maneno haya yamenichosha. Mteja wao ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo, mama anayejua kila mwanachama anadaiwa kiasi gani, nani amemdhamini nani, na riba inahesabiwaje mkopaji anaporuka mwezi. Anachotaka anakijua kuliko timu nzima. Asichokijua ni ukubwa wa kazi ya kukipata na kipi hakitawezekana kabla ya muhula kwisha, na hayo ni wajibu wa timu kumweleza.

Waraka wa mahitaji, unaoeleza mfumo utakavyotakiwa kufanya, uandikwe, utiwe sahihi, na kila badiliko liwekewe tarehe. Wanaojitetea kwa Ilani ya Agile ya 2001, tamko la watengenezaji programu kuhusu namna ya kufanya kazi, kwamba ushirikiano na mteja hutangulia majadiliano ya mkataba, waisome hadi mwisho, kwa maana inakiri kuwa mkataba nao una thamani yake. Lakini sahihi haitoshi, kwa sababu mteja hukumbuka alichoonyeshwa mara ya mwisho kuliko alichokitia sahihi.

Timu hii ilimwonyesha fomu ya marejesho yenye kitufe cha "Lipa kwa M-Pesa". Kilipobonyezwa, yakatokea maneno "Malipo yamepokelewa", mama akafurahi, na hakuna aliyemwambia kwamba maneno hayo yaliandikwa ndani ya ukurasa wenyewe bila hata shilingi moja kutoka mfukoni mwa mtu. Akaenda kuiarifu kamati yake kuwa malipo yako tayari. Tangu siku hiyo, kila wiki iliyotumika kuunganisha mfumo na Daraja, API ya Safaricom (njia ya programu nyingine kuwasiliana na M-Pesa), kwake ilikuwa ni ucheleweshaji usio na sababu. Hata ombi la malipo lilipokubali kwa namba ya majaribio 174379, bado chama kilihitaji namba yake chenyewe ya kupokelea malipo, ya Paybill au Till, idhini ya kuhamia kwenye mfumo halisi, ambayo wanafunzi hawawezi kuiomba bila mwenye namba kuhusika, na seva, yaani kompyuta iliyo mtandaoni muda wote, yenye anwani salama (HTTPS) ya kupokea majibu ya kila malipo. Yote haya timu ingeweza kuyajua tangu wiki ya kwanza.

Kilichotakiwa ni sentensi chache kabla ya kubonyeza: "Mama, kitufe hiki bado hakijaunganishwa na M-Pesa, tunakuonyesha mahali kitakapokaa. Ili kifanye kazi, chama kianze kushughulikia namba ya Paybill mwezi huu." Neno MAJARIBIO lingekaa juu ya kila ukurasa, na majina ya wakopaji yangekuwa ya kubuni, jambo ambalo pia linatuepusha na matatizo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Naelewa kwa nini hawakusema. Kijana huona ni utovu wa adabu kumwambia mtu wa umri wa mama yake kuwa jambo haliwezekani, kwa hiyo hujibu kwamba watajitahidi, naye mama huondoka akiwa amepewa ahadi. Heshima ya kweli hapa ni kumwambia mapema, wakati bado anaweza kujipanga na kamati yake.

Nina shaka kubwa zaidi kuhusu kipindi cha baada ya mahafali. Vitabu huagiza nyaraka za makabidhiano, lakini sidhani nyaraka huchukua nafasi ya mtu wa kupigiwa simu seva inapozima siku ya kufunga hesabu. Ndiyo maana sasa nazitaka timu zimweleze mteja katika kikao cha kwanza mwezi ambao hazitapatikana tena, kisha zimuulize kama bado anataka mfumo kamili au lahajedwali (kama ya Excel) iliyopangwa vizuri ingemtosha. Wapo wateja waliochagua lahajedwali, na timu zao zililalamika kwamba kazi kama hiyo haiwezi kupata alama za juu. Mimi huwapa alama hizo.