Useja, ndoa na mashemasi wa kike: kanuni za karne za kwanza zilisema nini hasa

Tangu maadhimisho ya miaka 1,700 ya Mtaguso wa Nisea (mtaguso ni baraza kuu la maaskofu) mwaka 2025, idara yetu ya historia ya Kanisa imekuwa ikiletewa maswali yaleyale, mengi yakija na jibu lake mkononi: kwamba Nisea ndiyo iliyowakataza mapadri kuoa, kwamba Konstantino, kaisari wa Roma, ndiye aliyebuni useja, kwamba wanawake walikuwa makasisi kila mahali wakafutwa kwa hila. Tunaamini wanaouliza wana nia njema. Ila mambo haya sasa yanafundishwa kwenye semina na kunukuliwa mimbarini, ndiyo maana tumeona tuyaandike. Makala haya yanaishia karne ya 7, isipokuwa kitabu kimoja cha ibada cha karne ya 8 na neno moja kuhusu siku zetu. Hayatoi msimamo wa kanisa lolote kuhusu ndoa ya mapadri wala upadrisho wa wanawake. Mwenye swali hilo amwone askofu au mchungaji wake. Wakorintho ya kwanza sura ya 7 na Timotheo ya kwanza sura ya 4 hatuzirudii, kila msomaji anazo nyumbani.

Kanuni ya mtaguso haisomwi kama mstari wa zaburi. Kwanza tazama inamhusu nani: askofu, padri, shemasi, bikira aliyewekwa wakfu au mlei. Kisha tazama kama inasemea kabla ya daraja, yaani kuwekewa mikono kwa huduma ya kleri, au baada yake. Halafu tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: kukatazwa kufunga ndoa, na kukatazwa kulala na mke uliyemwoa zamani. Mwisho tazama adhabu. Kuvuliwa daraja si kutengwa. Aliyevuliwa daraja hubaki Mkristo, ila anarudi upande wa walei. Kunyimwa komunyo kuna muda na kuna toba. Anathema ni kukatwa kabisa na jumuiya. Adhabu ndiyo inayokuonyesha baraza liliona kosa ni zito kiasi gani, na cha kusikitisha ndiyo sehemu ambayo wanaonukuu huiacha.

Tuchukue baraza la Ancyra, Ankara ya leo, mwaka 314. Kanuni ya 10 inawahusu mashemasi tu. Shemasi akitamka siku ya kuwekewa mikono kwamba hawezi kukaa bila mke, na askofu akamweka kwa kujua hivyo, akioa baadaye anaendelea na huduma. Akinyamaza siku ile, akapokea daraja kwa masharti ya kukaa hivyohivyo, kisha akaoa, ushemasi wake umekwisha. Tendo ni lilelile. Kinachoamua ni tamko. Miaka michache baadaye baraza la Neocaesarea, mji mwingine wa Uturuki ya leo, likasema, katika kanuni yake ya 1, kwamba padri akioa aondolewe katika daraja. Akizini, afukuzwe kabisa na kupelekwa kwenye toba. Hakuna mahali kanuni hizi mbili zinapomgusa mwanamume aliyeoa kwanza akapewa daraja baadaye.

Huyo aliguswa Hispania. Sinodi ya Elvira, mwanzoni mwa karne ya 4, kanuni ya 33, iliwaagiza maaskofu, mapadri na mashemasi wajizuie na wake zao wasizae watoto, na atakayekaidi avuliwe heshima ya ukleri. Elvira ilikuwa sinodi ya Hispania tu, na amri yake haikumfunga mtu wa Misri wala Siria.

Sasa Nisea yenyewe, 325. Ina kanuni 20, na inayotajwa ni ya 3. Inasema askofu, padri, shemasi au kleri yeyote asikae nyumba moja na mwanamke, isipokuwa mama, dada, shangazi, au mtu asiyeweza kushukiwa. Basi. Tatizo lililokuwa mezani ni wanaume waliojitoa kwa useja kisha wakakaa chini ya paa moja na mabikira, wakidai wanaishi kama kaka na dada. Kuoa hakukukatazwa hapo. Ipo habari iliyoandikwa karne iliyofuata na mwanahistoria Sokrates, kwamba Askofu Pafnusi wa Misri alisimama mtagusoni kuzuia pendekezo la kuwatenga makleri na wake zao. Wataalamu wengi wanaitilia shaka, kwa hiyo tunashauri hoja isijengwe juu yake, hata kama inapendeza upande wako.

Na Konstantino? Alichofanya mwaka 320 ni kufuta adhabu za zamani za Kirumi. Kwa sheria za Augusto, mwanamume wa miaka 25 hadi 60 na mwanamke wa miaka 20 hadi 50 walitakiwa wawe kwenye ndoa. Asiye na ndoa hakuweza kurithi kwa wosia wa mtu asiye ndugu wa karibu, na wanandoa wasio na watoto walipata nusu tu. Kuifuta sheria hiyo kuliwapa nafasi wajane na mabikira kukaa bila kunyang'anywa urithi, lakini hakukumlazimisha mtu yeyote useja. Tumelijibu hili mara nyingi mno.

Kanuni ambazo watu wangepaswa kuzisoma na hawazisomi ni za Gangra, kaskazini mwa Uturuki ya leo, karibu mwaka 340. Wafuasi wa Eustathio wa Sebaste walikuwa wameipandisha useja hadi ikawa kipimo cha wokovu: wake waliwaacha waume, wazazi waliwaacha watoto, na wanawake walikata nywele na kuvaa nguo za kiume. Baraza likatoa kanuni 20. Anathema kwa anayelaani ndoa. Anathema kwa anayeshika ubikira kwa kuchukia ndoa badala ya kuupenda kwa uzuri wake. Anathema kwa bikira anayejivuna mbele ya walioolewa. Na kanuni ya 4: anathema kwa anayekataa kupokea ekaristi kwa sababu padri anayeiadhimisha ana mke. Hiyo ni miaka kama 15 baada ya Nisea. Mapadri wenye wake walikuwapo madhabahuni, na aliyewadharau ndiye aliyepewa adhabu kubwa kuliko zote.

Magharibi upepo ulivuma upande mwingine. Tarehe 10 Februari 385 Papa Siricius alimjibu Himerius, Askofu wa Tarragona, kwamba makuhani Walawi walijizuia wakati wa zamu zao, na kwa kuwa makleri wa Kikristo hutumikia kila siku, basi wajizuie siku zote. Adhabu ikagawanywa: aliyekosa kwa kutojua abaki katika daraja lake lakini asipande tena, anayetetea kitendo chake kama haki yake, avuliwe. Muda si mrefu mtawa Jovinian akafundisha mjini Roma kwamba bikira, mjane na mke, wote waliobatizwa, wana thamani sawa mbele ya Mungu kama matendo yao mengine ni sawa. Siricius akamhukumu, na Ambrosi wa Milano vilevile. Mwaka 393 Jeromu, mtaalamu wa Biblia, alimjibu Jovinian kwa kugawa mazao ya ile mbegu ya mfano wa mpanzi katika Injili: 30 kwa walio katika ndoa, 60 kwa wajane, 100 kwa mabikira, na akaisema ndoa vibaya kiasi kwamba Pammachius, rafiki yake mwenyewe, alijaribu kuzikusanya nakala zisienee. Ilibidi Agostino, Askofu wa Hippo, mwaka 401, aandike kwamba ndoa ni jema kwelikweli, kwa watoto, kwa uaminifu na kwa sakramenti, huku akiuweka ubikira juu yake. Makanisa ya Magharibi yalisimama hapo kwa muda mrefu, na ni haki kusema kwamba hawakufika bila kuvutana.

Kuhusu wanawake, kila upande huja na kanuni moja na kuficha nyingine. Fibi wa Kenkrea, mhudumu anayetajwa katika Warumi sura ya 16, tunamjua. Karibu mwaka 112 gavana wa Kirumi Plinius aliwatesa watumwa wawili wa kike ambao Wakristo wenyewe waliwaita wahudumu. Siria, karne ya 3, shemasi wa kike alikuwa na kazi bayana: mwanamke akibatizwa, askofu humpaka mafuta kichwani, shemasi wa kike humpaka mwilini, mwanamume hutamka jina la Mungu, kisha shemasi wa kike humpokea kutoka majini na kumfundisha. Pia aliingia nyumba za wapagani kuwahudumia wagonjwa wa kike, mahali ambapo shemasi mwanamume angezua maneno.

Anayesema wote walikuwa walei hunukuu Nisea kanuni ya 19. Hiyo inawahusu wafuasi wa Paulo wa Samosata, askofu aliyehukumiwa kwa uzushi, na inasema mashemasi wao wa kike wahesabiwe walei kwa sababu hawakuwekewa mikono. Anayesema walikuwa sawa na wanaume hunukuu Mtaguso wa Kalsedonia, 451, kanuni ya 15, inayotaja wazi kuwekewa mikono, lakini anasahau masharti: asiwe chini ya miaka 40, achunguzwe kwanza, na akiolewa baada ya kutumikia, anathema yeye na mume wake. Linganisha na padri wa Neocaesarea, ambaye kwa kuoa alipoteza daraja tu. Hatuoni njia ya kuiita tofauti hiyo ndogo.

Kitabu cha ibada cha Kibizanti cha karne ya 8 kinaonyesha namna alivyowekwa. Askofu anamwekea mkono kichwani mbele ya altare na kusali sala mbili. Shemasi mwanamume hupiga goti moja. Mwanamke husimama akiinamisha kichwa. Anavikwa stola shingoni, ncha zote mbili zikija mbele. Anapokea kikombe kutoka kwa askofu, lakini hakigawi. Anakirudisha juu ya altare. Mwaka 535 Kaisari Justiniani aliwawekea makleri idadi katika Kanisa Kuu la Konstantinopoli: mapadri 60, mashemasi wanaume 100, mashemasi wa kike 40.

Baraza la Trullo, lililokutana Konstantinopoli mwaka 691 hadi 692, likaziunganisha mada zote mbili. Kanuni ya 13 iliitaja desturi ya Roma kwa jina na kuikataa: padri akae na mke wake, na anayemfukuza mke kwa kisingizio cha uchaji anyimwe komunyo, akikaidi avuliwe daraja. Lakini askofu alitakiwa kuachana na mkewe kwa makubaliano. Kwa kanuni ya 48, mke huyo anaingia monasteri ya mbali, askofu anamtunza kwa matumizi, na akionekana anastahili, anaweza kufanywa shemasi.

Gallia, Ufaransa ya leo, ilikuwa imekwisha kuwakataza mashemasi wa kike tangu sinodi ya Orange ya 441. Mashariki walipungua polepole, kwa sehemu kwa sababu wabatizwaji wakawa watoto wachanga na kazi ya kupaka mafuta ikakosa mtu. Februari 2017 Patriarki wa Kiorthodoksi wa Aleksandria aliwaweka wanawake kwa huduma ya ushemasi huko Kolwezi, Katanga, nchini Kongo. Wanaotuletea tukio hilo kama ushahidi wa jambo lolote, waje kwanza wakijua ni sala zipi zilisomwa, na kama ilifanyika mbele ya altare au nje yake.