Udata si kimeo

Juzi kwenye benchi la kliniki bibi mmoja alimfunua mjukuu wake mdomo, akatuonyesha uzi mwembamba chini ya ulimi na kutangaza: "Kimeo hicho. Ndiyo maana hanyonyi." Wenzake wote wakatikisa vichwa kukubali.

Udata mtoto huzaliwa nao. Utando unaoshikiza ulimi chini ya mdomo unakuwa mfupi au mnene, au umeshika karibu mno na ncha, basi ulimi hautoki nje wala hauinuki vizuri. Mtoto akilia, ncha huvutwa ndani ikafanana na kopa ya karata.

Kimeo kiko kwingine kabisa: ni kile kinyama kinachoning'inia kule nyuma kooni, na kila mtu anacho. Nafikiri neno lenyewe limekiponza. Sikio langu linasikia kumea ndani yake, na kilichomea pasipotakiwa hung'olewa kama gugu. Mtaani nako simu mbovu ni kimeo, gari bovu ni kimeo. Kitu chenye jina hilo kitapona wembe kweli? Watoto wanakatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, kutapika, kukonda. Wengine wanavuja damu nyingi au kidonda kinaoza. Na aliyeshindwa kunyonya anabaki vilevile, maana ulimi wake haujaguswa.

Uzi wa chini ya ulimi madaktari wanauita frenulamu, Kilatini cha "hatamu ndogo". Jina zuri mno. Farasi hateswi na kuwa na hatamu, anateswa na hatamu iliyokazwa. Simama mbele ya kioo uinue ulimi: nawe unao. Kwa hiyo kuuona uzi si kuuona udata. Hata kwa watoto wenye dalili zake mdomoni, madaktari wa watoto wa Marekani waliandika mwaka 2024 kwamba wanaopata shida ya kunyonya hawafiki nusu.

Cha kutazama ni kunyonya kwenyewe. Ulimi unatakiwa uvuke ufizi wa chini, ulikumbatie titi, kisha ushuke ili maziwa yavutwe. Ukizuiwa, mtoto anatafuna kwa ufizi. Chuchu inatoka imebanwa bapa, ina nyufa; unasikia "ta, ta" kila anapoachia; anasinzia kwa uchovu titi likiwa bado limejaa, na uzito haupandi. Ila pakato baya, yaani mtoto kushikwa vibaya titini, nalo huleta hayohayo, ndiyo maana nesi mzuri huanza kwa kurekebisha pakato. Likishindikana, mtaalamu hukata utando kwa mkasi safi, kazi ya dakika chache, na mtoto hupewa titi papo hapo. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2017 zilionyesha kwamba maumivu ya chuchu ya mama hupungua kwa muda mfupi. Kuhusu mtoto kunyonya vizuri zaidi, matokeo hayakukubaliana.

Na kigugumizi hakitokani na uzi huo, tafadhali.

"Shikamoo bibi," nikamwambia. "Hicho si kimeo, na huenda hata udata si wenyewe. Mama yake angemnyonyesha hapahapa, nesi akamtazama."

Akanitazama kidogo, kisha akasogea kwenye benchi kumpisha mkwewe.